Shule ya kusugua benchi

Bruce Bochy alipovua jezi ya San Francisco Giants mwishoni mwa msimu wa 2019, baada ya misimu 25 akiwa meneja wa besiboli, daftari la mechi zake za ligi lilisomeka hivi: ameshinda 2,003, amefungwa 2,029. Mtu huyohuyo alikuwa ametwaa ubingwa wa World Series mara 3 ndani ya miaka 5, yaani 2010, 2012 na 2014. Miaka minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 68, alitoka kwenye mapumziko ya ustaafu, akaichukua Texas Rangers iliyokuwa imefungwa mechi 94 msimu uliotangulia, na mwaka huohuo akaipa ubingwa wa kwanza katika historia yake. Alipoondoka Texas mwishoni mwa 2025, daftari lilikuwa limefika 2,252 kwa 2,266. Makombe manne, na bado anadaiwa mechi 14.

Majibu mawili hutolewa haraka. Wapenzi wa takwimu husema ni bahati: mechi 5 au 7 za mchujo wa Oktoba ni mchezo wa kubahatisha, na anayekata tiketi miaka mingi hakosi siku yake. Mashabiki wa San Francisco husema ni mdakaji Buster Posey na mrushaji Madison Bumgarner, na kwamba ukiwa na wachezaji wa aina hiyo hata dereva wa basi la timu angebeba kombe. Yote mawili yana ukweli ndani yake, na nitayafikia. Mimi nashikilia jambo la tatu: kwamba daftari la ligi hupima zaidi kikosi na mfuko wa klabu kuliko linavyompima meneja, kwamba meneja hupimwa vizuri zaidi Oktoba, na kwamba kile Bochy alichokuwa nacho Oktoba alikipata katika miaka ambayo, kama mchezaji, alikuwa akisugua benchi.

Msomaji aliyezoea soka inabidi kwanza aione kazi yenyewe. Ligi kuu ya Marekani ina mechi 162 kwa kila timu, zinazochezwa karibu kila siku kwa miezi sita. Mrushaji anayeanza mechi hurusha mara moja, kisha hupumzishwa siku 4 hivi ili bega na kiwiko vitulie. Akichoka katikati ya mechi huingia warushaji wa akiba, ambao muda wote huo wamekaa pembeni mwa uwanja wakingoja simu ya ukutani ilie. Meneja ndiye anayeagiza simu hiyo ipigwe. Ndiye anayepanga nani apige wa kwanza na nani wa nane, nani aingie na nani atoke, na sheria ni kama ya soka: aliyetolewa harudi. Katika ligi, uamuzi mmoja mbaya huzama ndani ya mechi 162, na meneja mwenye busara hukubali hata kufungwa leo ili asimchoshe mrushaji atakayehitajika Ijumaa. Ikifika Oktoba hakuna Ijumaa ya kuwekea akiba. Simu moja iliyochelewa kwa mpigaji mmoja inaweza kufuta kazi ya miezi sita, na ndiyo maana nasema kipimo cha meneja kiko huko.

Bochy alizaliwa mwaka 1955 huko Landes de Bussac, Ufaransa, ambako baba yake alikuwa askari wa jeshi la Marekani. Alicheza ligi kuu misimu 9 kati ya 1978 na 1987, akiwa na Houston Astros, kisha New York Mets msimu mmoja, kisha San Diego Padres. Alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinyago usoni. Katika misimu yote hiyo alicheza mechi 358 tu, akapata mapigo ya kuvuka uzio 26, na wastani wake wa kupiga ulikuwa .239, ambao ni chini ya pigo salama moja katika majaribio manne. Kumbukumbu ya wengi kumhusu kama mchezaji ni ya mchujo wa 1980, Pete Rose wa Philadelphia alipokuja mbio kutoka besi ya kwanza na kumpitia kwa nguvu kwenye besi ya nyumbani, akafunga pointi iliyoiweka timu yake mbele katika awamu ya 10. Mwaka 1984 Padres walifika World Series na kufungwa na Detroit Tigers ya meneja Sparky Anderson. Bochy alipewa nafasi ya kupiga mara moja katika fainali yote. Akapiga salama, akarudi kukaa.

Mechi 358 kwa misimu 9 ni kama 40 kwa msimu. Zilizobaki aliziangalia, na mahali alipoziangalia ndipo penye hoja. Mdakaji ni mchezaji pekee wa timu inayolinda ambaye uwanja mzima uko mbele yake. Wenzake wanane wote wamemwelekea yeye. Ndiye aliyekuwa akiomba kwa ishara za vidole aina ya mpira utakaorushwa, kwa hiyo anabeba kichwani udhaifu wa kila mpigaji wa timu pinzani. Tena ndiye anayehisi kwenye glavu, kabla kipimo cha mwendokasi hakijaonyesha chochote, kwamba mpira wa mrushaji wake umeanza kuwa laini. Mdakaji wa akiba ana la ziada. Siku ambazo hakupangwa hutumwa kule kwa warushaji wa akiba kuwadakia wakipasha mkono. Huko anajifunza mambo ambayo hayamo kwenye karatasi ya takwimu yoyote: nani simu ikilia hushtuka, nani hudai yuko tayari na mkono haujapata moto, nani akiharibu leo hawezi kurudi kesho na nani anaweza. Tena, jina lake likikosekana kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni, anaujua uchungu wake kwa miaka 9, na siku moja atakuwa yeye ndiye anayebandika.

Ukiitazama historia, Bochy hayuko peke yake. Mameneja waliotwaa World Series mara 4 au zaidi ni sita. Casey Stengel na Joe McCarthy wana makombe 7 kila mmoja, Connie Mack 5, Walter Alston, Joe Torre na Bochy 4 kila mmoja. McCarthy hakucheza ligi kuu hata siku moja. Alston aliingia kupiga mara moja tu maishani, mwaka 1936, akakosa mipira mitatu, basi. Mack alikuwa mdakaji wa kawaida, Stengel mchezaji mzuri asiyetisha. Nyota wa kweli kati yao ni Torre peke yake, naye nitamrudia kwa kuwa kisa chake ndicho kinachoipa hoja hii umbo lake. Waliowahi kutwaa ubingwa wakiwa katika ligi zote mbili zinazounda ligi kuu, National na American, ni watatu: Sparky Anderson, Tony La Russa na Bochy. Anderson alicheza msimu mmoja na wastani wa .218. La Russa aliishia .199. Katika kundi hilo, Bochy mwenye .239 ni kama bingwa wa kupiga.

Sasa Oktoba zenyewe. Giants ya 2010 ilikuwa timu ya watu waliotemwa. Pat Burrell alikuwa ameachwa na Tampa Bay mwezi Mei, Cody Ross alichukuliwa bure kutoka Florida mwezi Agosti, na Ross huyo ndiye aliyekuja kuwa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya National. Upande wa pili Barry Zito, mrushaji mwenye mkataba wa miaka 7 na dola milioni 126, aliachwa nje ya orodha ya mchujo wote. Kumweka pembeni mtu anayelipwa kuliko wenzake ni jambo ambalo mameneja wengi hulikwepa kwa kuogopa wenye klabu, au kwa kuogopa sura ya mhusika kesho yake asubuhi. Zito alikubali, akafanya mazoezi na wenzake hadi kombe lilipochukuliwa. Miaka miwili baadaye Giants wakiwa nyuma mechi 3 kwa 1 dhidi ya St. Louis, Bochy alimpa Zito mechi ya tano ugenini. Akarusha karibu awamu 8 bila kuruhusu pointi, na mechi yake iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya World Series, dhidi ya Justin Verlander, nayo wakashinda. Katika Oktoba hiyohiyo ya 2012 Tim Lincecum, aliyekuwa ametwaa tuzo ya mrushaji bora mara mbili, alishushwa kwenye kundi la akiba na akawa hatari huko. Watu hawa wawili walivuliwa hadhi yao hadharani na bado wakamfanyia kazi aliyewavua. Sioni namna ya kulieleza hilo kwa bahati.

Mfano wa karibu zaidi ni mechi ya sita dhidi ya Philadelphia, tarehe 23 Oktoba 2010. Giants walikuwa mbele 3 kwa 2, maana yake wakifungwa bado ilikuwepo ya saba, na desturi humwambia meneja aiwekee hiyo ya saba warushaji wake. Jonathan Sanchez alianza vibaya. Awamu ya tatu alimpa mpigaji wa kwanza besi ya bure, akampiga wa pili na mpira, wachezaji wa pande zote wakamiminika uwanjani kusukumana. Matokeo yalikuwa 2 kwa 2 na mechi bado mbichi kabisa, lakini Bochy akamtoa hapohapo. Aliwapanga Jeremy Affeldt awamu mbili, kisha Bumgarner, kijana wa miaka 21 ambaye kazi yake ni kuanza mechi, awamu mbili nyingine, kisha Javier Lopez moja, kisha Lincecum aliyekuwa amerusha awamu 7 siku mbili nyuma. Lincecum aliyumba, akaruhusu mapigo mawili salama. Bochy hakungoja la tatu, akamwita Brian Wilson amalizie karibu awamu mbili zilizobaki. Giants walishinda 3 kwa 2. Baada ya Sanchez kutoka, Philadelphia haikufunga tena.

Miaka minne mbele, 29 Oktoba 2014, mechi ya saba ya World Series huko Kansas City. Ajabu ya usiku ule ni kwamba mameneja wote wawili walikuwa wadakaji wa akiba: Ned Yost wa Kansas City Royals alimaliza uchezaji wake na wastani wa .212. Mrushaji wa kuanza wa Giants, Tim Hudson, alitolewa awamu ya pili kabla haijakwisha. Affeldt akashika zamu hadi mwisho wa ya nne, Giants wakiwa mbele 3 kwa 2. Awamu ya tano akaingia Bumgarner, aliyekuwa amerusha mechi nzima siku tatu tu kabla, mipira 117. Waliokuwa uwanjani walidhani atapewa awamu mbili, pengine tatu, halafu waje Sergio Romo na Santiago Casilla, wataalamu wa kufunga mechi. Bochy hakuwaita. Bumgarner alirusha awamu 5, mipira 68. Awamu ya tisa, wapigaji wawili wakiwa wameshatolewa, Alex Gordon alipiga mpira ambao walinzi wa nyuma waliuboronga mara mbili, akafika besi ya tatu. Pigo moja tu salama lingesawazisha. Meneja aliyekuwa na wataalamu wawili wa kufunga wenye mikono iliyopumzika akabaki ameegemea reli. Salvador Perez akaupiga mpira juu pembeni, Pablo Sandoval akaudaka.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia: aliyefanya kazi ni Bumgarner, meneja alikaa tu. Kweli. Ila kukaa huko kulikuwa uamuzi, na thamani yake huonekana ukiulinganisha na usiku wa 27 Oktoba 2020, mechi ya sita ya World Series kati ya Tampa Bay na Los Angeles Dodgers. Blake Snell wa Tampa Bay alikuwa amerusha mipira 73, amewatoa wapigaji 9 kwa kukosa, ameruhusu mapigo mawili salama tu, timu yake ikiongoza 1 kwa 0. Meneja Kevin Cash alimtoa awamu ya sita kwa kufuata mpango uliowekwa kabla ya mechi, kwamba wapigaji wasimwone mrushaji mara ya tatu. Dodgers walipata pointi mbili katika awamu hiyohiyo na kutwaa ubingwa. Na Cash, ole wa hoja yangu, alikuwa mdakaji wa akiba mwenye wastani wa .183. Kwa hiyo sidai kwamba benchi pekee hutoa meneja mkubwa. Cash ni meneja hodari. Usiku ule aliyaamini makadirio yaliyotengenezwa kwa mechi elfu kuliko jicho lililokuwa likimtazama mtu mmoja. Benchi humpa mtu jicho. Kulitumia, au kukubaliwa na mwajiri alitumie, ni habari nyingine.

Pingamizi la bahati ni zito zaidi, na wanaolitoa wana haki ya kuonyesha rekodi ya Bochy wa San Diego. Kule aliongoza Padres tangu 1995 hadi 2006, akafika Oktoba mara nne, akashinda mechi 8 na kufungwa 16. Katika World Series ya 1998 New York Yankees waliwafagia 4 kwa 0. Mechi ya tatu Bochy alifanya kilekile ambacho baadaye kingesifiwa: alimwita Trevor Hoffman, mfungaji wake mkuu, mapema, awamu ya nane. Scott Brosius akampiga mpira ukavuka uzio na pointi tatu zikaingia. Na baada ya miaka ya utukufu ikaja mechi ya nne dhidi ya Chicago Cubs mwaka 2016. Matt Moore alikuwa amerusha awamu 8 na kuruhusu mapigo mawili tu, Giants wakiongoza 5 kwa 2. Bochy akamtoa baada ya mipira 120 na kutumia warushaji watano katika awamu ya tisa. Cubs walipata pointi nne, mechi ikaisha, msimu ukaisha. Jicho lilelile, simu ileile.

Nalipokea pingamizi hili nusu. Mechi chache zina kelele nyingi, na hakuna meneja anayeweza kuufanya mpira ushuke upande autakao. Lakini tazama ni nini hasa kilichotofautiana. Giants walitwaa makombe matatu wakiwa na kundi lilelile la warushaji wanne wa akiba: Affeldt, Lopez, Casilla na Romo. Wawili wa mkono wa kushoto, wawili wa kulia, kila mmoja na aina yake ya mpira, na Bochy aliwajua kwa miaka mitano mfululizo kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wa darasa lake. Mwaka 2016 kundi lilikuwa limevunjika: Affeldt amestaafu, Lopez na Romo wamechakaa, na baadhi ya walioaminiwa kufunga walikuwa wageni kwake. San Diego hakuwahi kuwa na kundi la namna hiyo wakati mmoja na upigaji wa kutosha. Kwa hiyo nipunguze dai langu mpaka litoshe ushahidi: Bochy hakuzalisha ushindi pasipo na malighafi. Alichoweza ni kuipata faida yote iliyokuwemo ndani ya watu wengi wa kawaida aliokuwa akiwajua vizuri. Mechi 36 alizoshinda Oktoba akiwa na Giants dhidi ya 17 alizofungwa, ukilinganisha na mechi 1,052 kwa 1,054 za ligi akiwa na klabu hiyohiyo, ni pengo kubwa mno kuliachia bahati peke yake.

Kuna pingamizi la tatu, ambalo halisemwi sana na kwangu ndilo la kuvutia kuliko yote. Pengine wachezaji wa kawaida wanajaa kwenye orodha ya mameneja kwa sababu ya tumbo. Nyota akistaafu ana fedha na ana jina la kuitwa kwenye matangazo. Hana haja ya kupanda basi usiku kucha katika ligi ndogo. Mchezaji wa akiba akiachwa akiwa na miaka 32 anatafuta kazi, na kazi anayoijua ni hii. Bochy alikwenda Spokane mwaka 1989 kufundisha vijana wa daraja la chini, akapanda ngazi za ligi ndogo miaka minne, akawa kocha msaidizi San Diego miwili, ndipo akapewa timu. Nakubali kabisa kwamba ndivyo ilivyo, na sioni kuwa linaiumiza hoja. Linaisafisha. Linaonyesha kuwa siri haiko katika kucheza vibaya, iko katika miaka ya kuutazama mchezo bila kuwa na la kufanya ndani yake, na wachezaji wabovu ndio wanaolazimika kuipitia.

Mashahidi wangu ni nyota wawili. Ted Williams, mtu wa mwisho kufikisha wastani wa .400 katika ligi hizo mbili, aliingia umeneja mwaka 1969 Washington bila kufundisha popote kabla. Mwaka wa kwanza timu iliyokuwa imeshinda 65 ilishinda 86, wapigaji wakinufaika na mafunzo ya bingwa, naye akapewa tuzo. Kisha ikawa inateremka kila mwaka. Klabu ilihamia Texas mwaka 1972 na kuitwa Rangers, ndiyo hiyohiyo iliyokuja kumngoja Bochy, na Williams akafungwa mechi 100 msimu huo na kuondoka. Alijua kupiga kuliko binadamu yeyote. Kuishi na warushaji 10 ambao yeye maisha yake yote aliwaona kama adui kulimshinda. Wa pili ni Torre. Mchezaji bora wa Ligi ya National mwaka 1971, alikabidhiwa Mets mwaka 1977 akiwa bado anacheza. Alifukuzwa na Mets, akafukuzwa na Atlanta, akakaa miaka kadhaa kwenye kibanda cha watangazaji, akafukuzwa na St. Louis. Alipofika Yankees alikuwa ameshinda 894 na kufungwa 1,003. Akatwaa makombe manne katika misimu mitano. Yankees walikuwa na fedha na walikuwa na Derek Jeter na Mariano Rivera, hilo halibishaniwi, ila Torre wa 1996 hakuwa yule wa 1977. Benchi ambalo kipaji kilimnyima akiwa kijana, alilikalia ukubwani, mbele ya watu, huku akizomewa.

Kwa mwanga huo, ubingwa wa Texas wa 2023 unasomeka tofauti na sifa za mzee mwenye bahati. Aliyemtoa Bochy nyumbani ni Chris Young, msimamizi wa usajili wa Rangers, ambaye mwaka 2006 alikuwa mrushaji wake San Diego. Klabu ilikuwa imemwaga fedha kweli: dola milioni 325 kwa Corey Seager, milioni 175 kwa Marcus Semien. Kilichokuwa kibovu ni warushaji wa akiba, yaani upande uleule ambao ni wa meneja. Katika fainali ya Ligi ya American dhidi ya Houston, Jose Altuve alimpiga José Leclerc mpira wa pointi tatu awamu ya tisa na kuipora Texas mechi ya tano. Mechi iliyofuata, huko Houston, Bochy alimrudisha Leclerc kurusha, naye besi zote zikiwa zimejaa akamtoa mpigaji. Josh Sborz, ambaye msimu mzima aliruhusu zaidi ya pointi 5 kwa kila awamu 9, ndiye aliyepewa awamu mbili na ushei za mwisho za World Series dhidi ya Arizona. Rangers walishinda mechi zote 11 walizocheza ugenini katika mchujo ule.

Swali lililobaki ni kama shule hii bado ina wanafunzi. Siku hizi ofisi za juu zimejaa wataalamu wa hesabu wanaompa meneja karatasi ya mechi kabla hajavaa kofia, na nafasi ya jicho inazidi kuwa nyembamba. Hata hivyo Cleveland ilimwajiri Stephen Vogt, mdakaji aliyekuwa ameacha kucheza mwaka mmoja tu kabla, na ambaye mwaka 2019 alikuwa mchezaji wa Bochy katika msimu wa mwisho San Francisco. Alitwaa tuzo ya meneja bora wa Ligi ya American mwaka 2024 na tena 2025. Kwa upande wa pili, Giants wenyewe, sasa wakiongozwa na Buster Posey, mtu aliyedaka mipira ya makombe yote matatu na kuzisikia simu zote zile, walipomfuta kazi meneja wao Septemba 2025 walimchagua Tony Vitello kutoka Chuo Kikuu cha Tennessee. Kabla ya hapo Vitello hakuwahi kucheza wala kufundisha besiboli ya kulipwa. Alikuwa amekaa miaka mingi kwenye benchi za vyuo na mwaka 2024 alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu. Ikiwa ninachosema kuhusu kutazama ni kweli, hilo linaweza kumtosha. Ikiwa kinachohitajika ni kule kupasha mikono ya warushaji wa watu wazima na kukosa namba kwa miaka 9, Posey atakuwa amekosea, na Oktoba ya kwanza Vitello atakayofika itaonyesha.